Migomba ya Wapita Njia

Tabitha,

Mimi nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko marais watatu wa nchi hii. Nimeishi kuliko kile kiwanda cha Thika kilichokataa kuniandika kazi ati sijui kusoma. Leo mahali pake pana godauni, na msingi wa hiyo godauni niliumwaga mimi. Nimeishi kuliko daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sitafika sabini. Yeye ndiye hakufika. Nimemzika kaka yangu, nimemzika mama yako, na kuna mtu mwingine niliyemzika ambaye ndiye sababu ya barua hii.

Najua utashangaa kuona barua. Tunakaa nyumba moja, hata nikikohoa unasikia. Lakini naujua mdomo wangu. Nikianza kueleza kitu kinageuka majigambo kabla sijafika katikati. Biro haina haraka hiyo. Niliacha shule darasa la tatu, kila herufi naiweka kama jiwe, nasogea nyuma kidogo naangalia kama imenyooka. Mtu akijenga polepole hivi hawezi kudanganya sana, anachoka.

Mambo ya safari sitakuandikia. Maji ya kuchemsha, nge wa kukung'uta kwa viatu, namna ya kuongea na mwalimu mkuu mgeni, hayo ndugu zako wamekuambia mpaka ukaziba masikio. Huko Lodwar utafika na utafundisha, sina wasiwasi. Mimi nataka kujibu swali moja tu. Uliniuliza Jumanne pale jikoni, nikatoka nje kama mtu ambaye hakusikia. Nilisikia.

Unakumbuka ilivyokuwa. Nilikuwa nimekununulia ile blanketi nzito, ya maua mekundu, na kwa sababu ni mimi, sikuileta nyumbani moja kwa moja. Niliizungusha kwanza kwa milango ya wapangaji wote waone mwalimu wangu anaenda kazini na nini. Sasa Jumanne nakuja kwa geti nakutana na Akinyi, yule wa kufua nguo, amefunga mtoto mgongoni, na mtoto amefunikwa na maua mekundu. Akanisalimia vizuri sana, masikini, akaniambia Mungu akubariki baba Tabitha. Nikaitikia kwa meno.

Ukaniambia bila hata kugeuka kutoka kwa jiko, "Baba, Lodwar ni jua tupu. Na mtoto wa Akinyi analala kwa leso."

Na mimi nikasema lile neno. "Endelea hivyo hivyo. Utakuja kufia kwa nyumba ya wenyewe kama yule."

Ukaweka mwiko chini. "Kama nani?"

Kama shosho yako. Kama mama yangu mzazi. Kama Wairimu, ambaye jina lake ndilo lako na mimi sijawahi kukuita.

Hilo jina uliulizia ukiwa mdogo. Wanaume wote wa rika langu wenye mabinti waliopewa majina ya mama zao huwaita maitu. Unawasikia hapa mtaani, mzee mzima na mvi zake anaita mtoto mchafu wa kamasi, "Maitu, kuja," mama yangu, kuja. Ukaniuliza mbona wewe nakuita Tabitha tu kama karani wa kanisa. Nikakwambia jina la ubatizo ndilo la kisasa. Uongo. Kila nikijaribu kulitoa jina lile, natoa Tabitha. Sasa nitakwambia kwa nini.

Wewe unajua hadithi moja: shosho alipenda ng'ombe, alichukia kelele za Ruiru, akaamua mwenyewe kwenda Kalimoni kumsaidia Tata Njoki, dada yangu. Hiyo hadithi niliitunga mimi. Niliirudia mara nyingi hata watu wa kanisa wakaanza kunisimulia kama wao ndio walioiona.

Ngoja nianze mbali, maana huwezi kuona ubaya wa ukuta kama hujui ulijengwa na nini.

Tulikaa Thika, upande wa juu wa mto Chania, mimi na kaka yangu na Njoki mdogo. Baba alikuwa amekufa. Mama alikuwa akichuma kahawa kwa shamba la mzungu na jioni analima kakipande kadogo alikoonyeshwa na mjomba wake. Kale kakipande kalikuwa kamezungukwa na ua wa miti, na nje ya ua, kando ya njia, mama alipanda migomba. Nje, Tabitha, si ndani. Mimi nikamuuliza kama amekosea. Akasema ile ya ndani ni yetu, ile ya nje ni ya wapita njia. Wazee walikuwa na sheria yao: mtu mwenye njaa akipita kwa shamba lako anaweza kula, lakini ale hapo hapo. Akila hapo ni mgeni. Akibeba ni mwizi. Watu wengi waliijua hiyo sheria na wakaingojea ije iwakute, yaani mtu apite, avunje muwa, wao wanyamaze. Mama hakungoja. Yeye aliwapandia kabisa, akasogeza chakula mpaka miguuni mwao, ili mtu asione haya ya kuvuka ua.

Na sisi tulikuwa na njaa. Usifikirie alitoa kilichobaki. Hakikuwahi kubaki.

Kulikuwa na mtu mmoja Mkamba, anaitwa Mutua, fundi wa mawe. Wakati huo wanajenga viwanda kule chini Thika, na yeye anapita hapo kila asubuhi na mwiko wake na pimamaji kwa mfuko wa gunia. Anasimama, anakata ndizi yake, anakula, maganda anayaweka kwa shina la mgomba, anaenda. Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka kwa ua, tumbo linanguruma, nikimchukia kama shetani. Siku moja nikaokota jiwe, jiwe zuri, la kutoshea mkono. Nilimpata hapa juu ya sikio. Damu ikatoka.

Nilijua nitachapwa. Mama akanishika mkono, tukavuka ua, akamkalisha yule mtu chini, akamwosha damu na maji yetu ya kunywa. Halafu akaingia nyumbani akamletea githeri yetu ya usiku, mahindi na maharagwe. Akamwekea mbele. Mimi nalia, si kwa majuto, nalilia githeri. Mutua anakula huku ameshika sikio. Mama akamwambia:

"Huyu mtoto ana shabaha, na anapenda mawe. Enda naye. Akayatupe mahali yanajenga."

Mutua akacheka mpaka damu ikaanza tena. Kesho yake asubuhi alipopita, nikaenda naye.

Sasa unaelewa. Ile hadithi nyingine ninayowapa wapangaji, na niliyowapa watu kwa harusi ya kaka yako mkubwa, ati nilijifundisha ufundi mwenyewe kwa kuangalia, ati mzungu mmoja akaona kichwa changu na kusema huyu kijana atajenga Kenya, ni uongo. Hakukuwa na mzungu. Kulikuwa na ndizi za mama yangu, na githeri yake, na Mkamba mwenye subira. Kila jiwe nililowahi kunyoosha lilitoka hapo. Na mimi ni fundi, hilo siwezi kulipunguza hata nikiona aibu. Zunguka Ruiru hii, nyumba ninazoweza kukuonyesha kwa kidole hazina hata ufa. Lakini mwenye kuweka jiwe la kwanza alikuwa mwanamke wa kuchuma kahawa.

Basi nikapata, nikanunua hii ploti, nikajenga, nikamleta mama Ruiru. Nilimleta kwa fahari. Niliwaambia watu wa Thika mama yangu sasa atakaa kwa nyumba ya mawe, atakunywa maji ya mfereji, hatagusa jembe. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa ameomba machipukizi ya migomba kwa jirani, ameyapanda nje ya ua, kando ya barabara, kuanzia kwa kona hadi karibu na geti. Wakati huo ua wangu ulikuwa wa waya tu na michongoma.

Ndizi zikaiva, watu wakaanza. Vijana wa kuchimba mawe, watoto wa shule, wanawake wa kutoka sokoni na vikapu vitupu. Wanakula, maganda wanaweka kwa shina. Mama anakaa hapo kwa kiti kidogo anaongea nao, anajua nani mgonjwa na nani amefiwa. Akiona mtu ndizi haikumtosha, anamwita ndani. Mama yako alikuwa akipika sufuria ya familia na mama yangu anahesabu wageni wasiojulikana. Wao wawili hawakugombana hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nanuna kwenye meza yangu mwenyewe.

Halafu koti. Nilikuwa na koti la kijivu la kwenda kanisani. Siku moja niko kwa stendi ya mawe, natafuta lori, naliona koti langu linakuja. Limevaliwa na mlinzi wa usiku. Linanisalimia. "Habari, fundi!" Wenzangu wakalitambua, wakacheka. Wakaniita fundi uchi mpaka Krismasi. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama. Akasema yule mtu hulala nje kwenye baridi na wewe unalala ndani ya mawe, baridi itakupatia wapi? Na mimi nikishindwa naweka kinyongo. Nilikiweka.

Nataka uone kwamba haikuwa ndizi. Ilikuwa kwamba watu walipopita hapa hawakusema hii ni nyumba ya fundi. Walisema hapa ni kwa mama Njoki. Mimi ndiye niliyejenga, nimelipa kila kitu, na wanamjua mwanamke wa migomba. Unaona nilivyo. Nilimwonea wivu mama yangu.

Mwaka uliozaliwa wewe, baada ya ndugu zako wote wavulana, nikaamua kujenga ukuta. Nilienda kwa hadwea ya mzee Harbans pale Thika, yule Kalasinga wa kilemba niliyekuwa nikinunua kwake tangu yeye ni kijana anabeba misumari ya baba yake. Mama alikuwa akipumzika kwa benchi lake siku za soko, na hakuwahi kuondoka bila kuwaachia wapakiaji wake kitu cha kutafuna. Nikamwambia nataka simiti ya ukuta. Harbans akaandika, akasimama, akaniuliza, "Mama yako anajua?" Nikamwambia simiti haiulizwi mama.

Ukuta wangu ulipaswa kupita upande wa ndani wa migomba. Hapo ndipo waya ulikuwa, na hapo ndipo mpaka wangu ulikuwa kwa haki. Lakini kulikuwa na kile kipande cha kando ya barabara, na kila mtu hapa akijenga anasogea nje kidogo, nani anapima? Nikapigilia vigingi vyangu barabarani, nikavuta kamba. Kamba ikapita upande wa pili wa migomba. Yote ikawa ndani.

Mama alikuja na chai. Wewe ulikuwa mgongoni mwake umelala. Akasimama akaangalia kamba kutoka kona mpaka geti, pole pole, kama fundi. Akasema, "Hii migomba ilikuwa nje."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha umesahau kofia.

Na mimi, mbele ya vibarua wangu, nikiwa na mwiko mkononi, nikamwambia: "Kwangu si jiko la maskini. Ukitaka kulisha watu, enda ukawalishie kwako."

Kwako. Soma hilo neno tena, mimi nimeliandika mara mbili nikalifuta. Mama yangu hakuwa na kwake. Kale kakipande ka Thika kalikuwa kamechukuliwa na watoto wa mjomba. Kwake palikuwa kwangu. Mjane wa kwetu nyumba yake ni ya mwanawe, hilo linajulikana hata na mtoto wa chekechea, ndiyo maana tunasema mtu amezaa mvulana amejijengea. Na mimi niliyejengea nusu ya Ruiru nikamwambia mama aende kwake.

Aliweka chai juu ya jiwe. Akakufungua mgongoni, akampa mama yako. Jioni nilipoingia ndani kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri na yeye hayuko.

Alienda Kalimoni kwa Njoki. Wewe ni wa leo, labda huoni uzito wake. Mama kwenda kukaa kwa binti aliyeolewa ni kwenda kukaa kwa wakwe. Atakula kwa aibu, atavuka ua wao kwa hodi, na kila atakayemwona atajiuliza, kwani hana kijana? Alikuwa naye. Alikuwa na fundi. Mume wa Njoki, yule mtu mpole wa ng'ombe, alimpokea kama mama yake, akamjengea chumba cha mbao. Hakuwahi kuniambia neno. Nikikutana naye kwa matanga ananishika mkono kwa mikono miwili, na mimi ningependa zaidi anitemee mate.

Nilimaliza ukuta. Nikaweka vipande vya chupa juu. Ndizi ziliiva ndani zikawa nyingi, sisi hatukuweza kuzimaliza, zikaanguka, zikaoza, nzi wakajaa. Mama yako aliniambia, "Utakuja kuongea na huo ukuta siku moja." Nikakasirika nikakata migomba yote. Ikachipuka. Nikakata tena. Mgomba ni mkaidi kuliko mimi, na hilo silisemi kirahisi.

Mama yako alikuwa akikupeleka Kalimoni. Mimi sikwenda. Nilingoja. Nilikuwa nasema akirudi mwenyewe nitamfungulia. Nilisema hivyo mpaka wewe ukaanza kutembea, ukaanza kuongea, ukaanza kuniletea habari zake: shosho ana kuku, shosho amepanda ndizi kwa barabara. Nikakuuliza ndani ya ua au nje. Ukasema nje. Hungejua kwa nini nilikuuliza.

Halafu Njoki akaniita, mama amelemewa. Nikaenda. Lakini angalia nilivyoenda: nilikodi gari, nikajaza sukari, unga, mafuta, mikate, watu wa Kalimoni wakaona mtoto wa mjini ameingia. Nikapita kwenye migomba yake ya kando ya njia. Kwa shina kulikuwa na maganda mabichi, ya siku hiyo.

Alikuwa amelala, amekuwa mdogo kama mtoto. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimejiambia nitasema samahani yangu kwa namna ya kiume, bila kupiga magoti. Akafungua macho, akanitambua. Akaniuliza, "Umekula?"

Basi. Hilo tu.

Sikuwa nimekula tangu jana. Na Njoki amesimama hapo na sahani amefunika, kumbe mama alikuwa amemwambia kila siku akipakua amwekee kijana wake, kila siku, akija asikute sufuria imeoshwa. Na mimi nikajibu, "Nimeshiba."

Sijui kwa nini. Nimeishi na hilo swali kuliko nilivyoishi na mama yako. Nafikiri niliona nikikula ile sahani nitakuwa mmoja wa wale wa kando ya njia. Nitakuwa nimekula hapo hapo. Nilitaka niwe mtu anayeleta, si mtu anayepewa. Alinitazama kidogo, akafumba macho, akasema sawa. Aliondoka kabla ya Jumapili. Tulimzika huko Kalimoni kwa kona ya shamba la mume wa Njoki, na mimi nikawaambia watu ploti yangu ni ndogo.

Kwenye mazishi nilikodi hema kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia Kalimoni. Nikasimama nikasema nimemtunza mama yangu kama malkia. Njoki aliangalia viatu vyake. Na nikaona watu wanazidi kuja, siwajui, wengine wametoka Thika, wengine hapa hapa Ruiru, yule mlinzi alikuja na koti langu la kijivu limepigwa pasi. Hawakuwa na hotuba. Kila mmoja alimwambia mwenzake alichokula na ilikuwa siku gani. Mtu mzima anasimama kwa kaburi anasema, "Mimi alinipa ndizi mbili na viazi." Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu ya aina yoyote isipokuwa hiyo.

Baadaye nikajaribu kuwa kama yeye. Nilitoa viti kwa kanisa, unavijua, nikaandika jina langu nyuma ya kila kiti, na kila Jumapili watu wazima wanaegemea jina langu na mimi nahesabu ni wangapi wameegemea. Huko ndiko kutoa kwangu. Sijui kutoa kitu kikaondoka. Nakifuata na macho. Ile blanketi yako niliifuata mpaka kwa geti. Wewe ulipoitoa hukuangalia hata imeenda wapi, ulikuwa unakoroga mchuzi. Hiyo hukufundishwa na mimi. Hukufundishwa na mtu, maana aliyeweza kukufundisha nilimfukuza ukiwa hujajua kukaa. Na bado ulikuja nayo.

Nilichosema Jumanne kilikuwa laana, na mimi si mtu mbaya sana hata niache laana hiyo ipande gari na wewe kesho. Ukisikia huko uendako mtu anakucheka kwa sababu umetoa, au mimi mwenyewe nikikupigia simu na kuanza kelele, maana naijua tabia yangu, nitaanza, usinisikilize. Shosho hakufia kwa watu kwa sababu alitoa. Alifia kwa watu kwa sababu mwanawe alisogeza kamba.

Wiki hii umesikia nyundo huko nje na ukaniuliza. Nilikwambia narekebisha mtaro. Hakuna mtaro. Nimekuwa nikibomoa ukuta, kile kipande chenye migomba, nikikificha kwa turubai. Ndugu zako wakasema mzee atavunjika mgongo, tulete kibarua. Nimewakataza. Ukuta huu ulijengwa na mkono huu. Nilitoa mawe moja moja, nikayasafisha, nikaanza kuyajenga tena kwa mstari wa ule waya wa zamani, upande wa ndani. Simiti nilienda kununua kwa Harbans. Siku hizi duka linaendeshwa na wajukuu, yeye anakaa nyuma na kilemba chake na chai. Nikamwambia nasogeza ukuta ndani. Akacheka, akasema hajawahi kusikia, watu wote wa Kenya wanasogeza nje. Kisha akanitazama na yale macho yake ya ukungu, akaniuliza, "Mama yako anajua?" Sijui kama amesahau alikufa. Nilimwambia namjulisha.

Kwa hivyo kesho ukitoka kwa geti utakuta migomba iko nje. Imebaki mitatu iliyo hai, ile niliyoshindwa kuiua. Mmoja una mkungu, na ndizi za juu zimeanza kuwa njano. Nitakuwa nimesimama hapo na sanduku lako, na huenda nitakuwa naongea juu ya ubora wa ukuta wangu mpya, maana umenyooka, utaona. Usinijibu juu ya barua hii, sitaweza. Kata moja. Kula hapo hapo. Maganda weka kwa shina. Kama utakata nyingine unipe, mimi nitakuwa sijakula asubuhi, nimeamua.

Na kama unaona mzee anatunga hadithi nyingine ya kupendeza watu, usiamini neno langu. Muulize Tata Njoki, alishika ile sahani. Muulize Harbans, kama siku hiyo anakumbuka. Muulize yule mlinzi, bado yuko hai pale karibu na soko, koti lilimwishia mwilini. Na wao wakikosekana, angalia chini upande wa pili wa migomba, huko barabarani. Msingi wa ukuta wa zamani sijaung'oa. Nimeuacha kila mtu aone ulipita wapi.

Safari njema, maitu.

Baba yako